Jibu: Vitabu vya zamani vimejaa maktaba ya chuo, nianzie wapi kuvitoa?

Pole ndugu, shelfu zimejaa na bosi anaogopa kutoa hata kimoja, hapa Tabora nimeyapitia hayo. Anza na sheria na tiba maana huko kitabu cha zamani kinapotosha kabisa, cha ardhi kilichoandikwa kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999 mwanafunzi akikishika kama sheria ya leo amekwisha. Angalia muhuri wa mwisho wa kuazima, halafu waite walimu wa kozi muamue pamoja. Ila vya mtemi Mirambo au reli kufika hapa 1912 usiguse, hata kama mchwa wameanza we viweke tu pembeni, havipatikani tena hivyo. Na usiwape wauza karanga wafungie kabla afisa ugavi na mkaguzi wa ndani hawajasaini, ni mali ya chuo, utadaiwa wewe.