Madaftari ya duka la babu

SWALI: Assalaam alaykum, bibi. Babu yangu alifungua duka la lesi na mazulia, jumla, hapa Mtaa wa Biashara, Mombasa. Baba akalishika, na sasa ami yangu analifunga. Stoo mna madaftari 14, mengine yameliwa na mchwa. Ami asema ni takataka, tuyatie moto. Mimi nataka kuandika historia ya duka, lakini wazee hawapatani: mmoja asema lilianza wakati wa vita, mwengine asema kabla. Nianzie wapi?
Mjukuu, Majengo

JIBU: Waalaykum salaam, mjukuu wangu. Nenda leo ukayatoe madaftari stoo. Yaanike kivulini, si juani, na usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki, yataota ukungu.

Nakuhimiza hivi kwa sababu ya kwetu. Mama yangu ndiye aliyekuwa meza ya lesi, na wari ya shaba, ya kupimia, ilikuwa imepigiliwa misumari ukingoni mwa ile meza. Alivuta lesi kwa mkono wa kulia huku akihesabu kwa sauti, na mtu akimsemesha alirudi mwanzo. Duka lilipofungwa, madaftari yaliuzwa kwa kilo, yakaishia kufungia njugu. Niliokoa ukurasa mmoja. Umeandikwa kwa kalamu ya wino: lesi nyeupe ya foronya, korija 2 (korija ni 20), mali kauli (mzigo uliochukuliwa kwa neno tu, pesa iletwe ukishauzwa), hadi baada ya Ramadhani. Chini yake pana jina la mwanamke wa Likoni. Nimeusoma mara nyingi mno, na kila mara natamani kujua kama alizimaliza zile foronya 40.

Sasa hiyo vita. Tazama pesa. Hesabu ikiwa kwa rupia, daftari ni la kabla ya 1920 au mwaka huohuo, maana ndipo rupia ilipoondolewa. Ikaja florini, ambayo haikukaa, kisha shilingi. Kwa hiyo daftari la kwanza likiwa la shilingi tupu, wazee wanaosema vita labda wanakusudia ile ya 1939 hadi 1945.

Kuwa mwangalifu na miaka. Ukiona 1357, hiyo ni Hijria, nayo ni 1938 kuingia 1939. Kama babu aliajiri karani wa Kigujarati, utakuta 1995, kwa kalenda ya Kigujarati, kwenye karatasi iliyokwisha kuwa rangi ya chai. Usishtuke! Toa 57 au 56, utafika palepale 1938 na 1939. Mwaka wao huanza baada ya Diwali, ndiyo sababu ya hesabu mbili.

Mazulia yatafute kwenye miezi. Zamani mazulia ya Ajemi yalikuja kwa majahazi ya Ghuba, yakishuka na upepo wa kaskazi Bandari ya Kale, na upepo ukigeuka kuwa kusi majahazi yalirudi na boriti za Lamu. Kwa hiyo, manunuzi ya mazulia yakijazana Januari hadi Machi, babu alikuwa akinunua kwa manahodha. Yakitawanyika mwaka mzima, basi mzigo ulikuwa ukija kwa meli, bandari ya Kilindini.

Kama limesalia zulia lolote, ligeuze. La mkono lina vifundo visivyolingana sawasawa, na mashada yake ni nyuzi zilezile za zulia zilizoachwa ncha. La mashine, kama haya ya Gaziantep, Uturuki, yaliyojaa mjini siku hizi, mara nyingi mashada yameshonewa tu. Mpelekee ami yako, muwekee mkononi, umuulize lilitoka wapi. Mtu mzima ukimuuliza mwaka atakupa ubishi, lakini ukimpa kitu cha kushika atakueleza nani alikibeba na kilikaa rafu gani.

Lakini kwangu mimi utajiri uko kwenye kurasa za mali kauli. Wenye duka huwakumbuka waliowauzia, na husahau waliowachukulia mzigo kwa neno tu, wakauza nyumba kwa nyumba, wakaleta pesa. Hao ndio waliosimamisha duka la jumla. Yanakili majina yote na mitaa yao kabla ya jambo jengine, piga picha kila ukurasa, kisha uende Likoni na kwengineko uwaulizie watoto wao.

Ukikuta foronya 40 za lesi nyeupe, niandikie siku hiyohiyo.