Vipira kwenye sweta la kashmiri

Dada, umeuliza kama sweta lako la kashmiri ni feki: vipira, yaani vidonge vidogo vya nyuzi, vilivyoota kwapani na ubavuni mwake havimaanishi kuwa umeuziwa feki. Hata kashmiri halisi huota, hasa mahali mkoba unaposugua, kwa sababu ni manyoya ya ndani ya mbuzi, laini mno: yaliyo mafupi hutoka nje na kujiviringisha. Tafadhali usivinyofoe kwa vidole, maana ukivuta unatoa nyuzi nyingine zitakazoota vipira vipya. Litandaze sweta mezani, likaze kidogo kwa mkono mmoja, kisha pitisha kitana cha sweta (kitana kidogo cha kuondolea vipira) taratibu, ukielekea upande mmoja tu. Wembe siushauri kabisa, utatoboa.

Baada ya hapo ligeuze ndani nje ulifue kwa mkono, maji yasizidi nyuzijoto 30, na sabuni ya sufu; hata shampuu ya nywele inafaa. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vinavyokula protini, na manyoya ni protini. Usilikamue: lizungushie taulo, likandamize, likauke limelazwa kivulini. Kabatini likunje, ukilitundika litavutika mabegani. Na usilivae siku mbili mfululizo.