Pesa ya gemu: kabla ya bei, angalia unanunua nini

Mkuu, umeuliza kama mtu mzima mwenye familia anakosea kununua gemu ilhali si kitu cha lazima, na kwamba mwenzako analalamika. Kwangu si kosa, mradi kodi, chakula na akiba vimeshatengwa. Starehe karibu zote si za lazima, na nyingi zinalipiwa bila mtu kuulizwa.

Mimi huangalia zaidi aina ya manunuzi. Napenda gemu kamili: nalipa mara moja, nacheza miezi. Tena nasubiri bei ishuke, maana gemu ya mchezaji mmoja haiozi, na ikishakaa sokoni hitilafu nyingi huwa zimerekebishwa. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ukinunua na isikupendeze, unaweza kuomba urudishiwe pesa ndani ya siku 14, ilimradi muda ulioicheza haujafika saa 2. Inasikitisha jinsi watu wanavyoiacha nafasi hii ipite.

Zinazotafuna mfuko ni zile za bure. Fortnite hulipi kuingia, ila skini, yaani mavazi na mwonekano wa mhusika wako, zinauzwa kwa V-Bucks, sarafu za gemu hiyo. Pesa yako ikishageuka sarafu za gemu, unaacha kuhesabu pesa halisi. Halafu vifurushi vya sarafu mara nyingi havilingani na bei ya kitu unachokitaka, kwa hiyo salio linabaki na kukushawishi uongeze. Ndiyo maana kabla sijabonyeza chochote naibadilisha bei kuwa pesa ya kawaida na kuiandika. Mara nyingi naishia hapo hapo.

Maboksi ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu siyagusi kabisa. Unalipa bila kujua utapata nini, na mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliyahesabu yale ya kulipia kuwa kamari.

Kama kuna mtoto anayeshika simu yako, ondoa kadi kwenye akaunti au weka nenosiri kwa kila malipo. Fanya leo, tafadhali. Mwaka 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 huko Marekani kumaliza madai kwamba vitufe vyao viliwaingiza wachezaji kwenye malipo wasiyokusudia, na kwamba watoto walinunua vitu bila ridhaa ya wazazi.

Kuhusu mwenzako, mwonyeshe matumizi yako ya gemu ya mwezi mzima, yote, kisha mpange kiwango pamoja. Naye apate fungu lake la starehe, asihojiwe.