Wilson: ndege za mafunzo ziondoke, au zibadilishiwe saa?

Mmeuliza wiki hii: "Je, Uwanja wa Ndege wa Wilson uhamishwe nje ya Nairobi?" Mimi nasema kinachotuumiza si uwanja, ni mizunguko ya mafunzo, yaani mwanafunzi wa urubani kuruka, kuzunguka na kutua tena na tena, na hiyo ndiyo iondoke.

Caravan, ndege ya abiria ya kwenda Maasai Mara, inakupita mara moja, imekwenda zake. Cessna 172, ndege ndogo ya mwanafunzi, inagusa lami, flapu za mabawa zinapandishwa, gesi inafunguliwa yote, inaruka tena. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika sita, kwa hiyo paa lilelile hupitiwa mara kumi kwa saa.

Sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye ncha za propela. Ile ya 172 ina karibu mita 1.9 kutoka ncha hadi ncha. Wakati wa kupaa huzunguka kama mara 2,400 kwa dakika, na ncha zake hukata hewa kwa asilimia 70 hivi ya kasi ya sauti. Cessna 206 za zamani hufika mizunguko 2,850 kwa dakika, karibu asilimia 90, ndiyo maana zinapasua masikio. Rubani wa 206 anaweza kushusha mizunguko hadi 2,550 mara tu akishavuka mwisho wa njia ya kurukia, na kelele ikapungua papo hapo. Wa 172 hana uwezo huo, kwani propela yake haibadiliki pembe.

Halafu kuna jambo ambalo halitajwi kabisa. Kelele ya ndege ndogo hupimwa kimataifa ikiwa mita 2,500 kutoka ilipoanzia kukimbia, kwa hewa ya usawa wa bahari, nyuzi joto 15. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hapa injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 17 ya nguvu. Ndege ambayo pwani ingekuwa mita 200 juu ya nyumba, hapa mchana wa jua, ikiwa imejaa, huweza kuwa chini ya 100. Ikirukia njia ya 07, inayoelekea mashariki, hiyo mita 2,500 iko juu ya mapaa ya mitaa ya Nairobi West na South C.

Nakumbuka imla katika darasa moja la South C, paa la bati, madirisha ya luva. Mwalimu anasoma, "Mzee alipiga goti mbele ya..." na ndege inaingia. Ananyamaza. Mvumo wa 172 ni wa hezi 80, mzito, kufunga luva hakuuzuii. Sekunde ishirini na tano hivi. Anarudia sentensi, mkia wa mvumo bado upo. Wa mbele wameandika "goti", wa nyuma "koti", mmoja ameacha nafasi tupu akamtazama jirani. Mwalimu anafika sentensi ya tatu, ndege ileile inarudi. Kipindi cha dakika 35 hupoteza dakika mbili na nusu tu kwa saa ya ukutani, lakini kila mara uzi ulikatika na watoto walianza upya. Kanuni za kelele za 2009 hupima mchana kwa wastani wa saa 14. Wastani huo haumwoni yule mtoto.

Basi ziende Orly, uwanja mdogo wa ndege kule Kajiado? Nilikuwa nimeshaamua hivyo nikianza kuandika. Lakini Kajiado nako kuna shule za mabati, mwinuko hautofautiani sana, na 172 hula lita 30 na zaidi kwa saa ya kwenda na kurudi, gharama ya mwanafunzi anayehitaji saa 40 kupata leseni ya kwanza.

Kwa hiyo nasema zibaki Wilson, ila kwa saa zake. Mizunguko iwe kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili asubuhi, siku za kazi, kwa sababu hewa ya baridi huinua ndege upesi na madarasa hayajaanza. Katikati ya masomo isiwepo, Jumapili pia. Upepo ukiruhusu, watumie njia ya 14 inayotazama mbuga, ingawa wanyama nao wana masikio, na upepo wetu wa mashariki mara nyingi utaamua 07. Anayelala zamu ya usiku Nairobi West ataumia kwa mpango huu, na sijapata saa inayomfaa yeye na yule wa imla kwa pamoja.