Wasomaji Wanauliza: Mimba na Zamu za Usiku za Daktari

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi ni daktari, nasomea ubingwa hapa Tanzania. Mimba yangu ya kwanza ina wiki 14. Nafanya kazi siku tano kwa wiki, saa nane kila siku, na mara mbili naunganisha na usiku mpaka asubuhi. Wakubwa zangu wananiambia mimba si ugonjwa. Je, saa hizi zina madhara kweli? Naweza kuomba nini?
Daktari, Tanzania

JIBU: Hongera, daktari. Mimba si ugonjwa, ni kweli, ila tupige hesabu ya wiki yako. Siku tano za saa 8 ni 40. Usiku mbili za saa 16 zinaongeza 32. Jumla 72, wakati saa za kawaida kisheria ni 45.

Utafiti wa madaktari wanawake wa Japani uliochapishwa 2014 uliwalinganisha waliofanya kazi saa 71 au zaidi kwa wiki na wale wasiozidi 40. Wa kundi la kwanza walikuwa na hatari mara 3 ya mimba kutishia kutoka, na mara 2.5 ya kujifungua kabla ya wakati. Usiku nao una hesabu yake. Huko Denmark, wajawazito waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku ndani ya wiki moja walionekana kuwa na hatari ya mimba kutoka iliyozidi kwa asilimia 32 katika wiki iliyofuata, mimba ikishapita wiki 8. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba saa peke yake ndizo chanzo, lakini zinatosha kumfanya mtu abadilishe ratiba. Usiku mmoja kwa wiki usivukwe, na kama inawezekana usiwepo kabisa.

Sasa namna ya kuomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 20, inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mjamzito kufanya kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua. Tazama neno "kumruhusu": hata wewe ukikubali, yeye hana ruhusa. Usiku kisheria ni saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wengi hawajui kwamba huhitaji kungoja mwezi wa saba. Ukileta cheti cha daktari kinachosema huwezi tena kazi ya usiku, katazo linaanza mapema, na mwajiri anapaswa kukuhamishia mchana isipokuwa haiwezekani kabisa. Cheti hiki si ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi kwa ugonjwa. ED inakutoa kazini. Hiki kinakutoa usiku tu. Aandike daktari anayekuhudumia kliniki, ataje umri wa mimba na tarehe ya matarajio. Peleka nakala kwa mkuu wa idara na kwa utumishi, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Taarifa ya likizo ya uzazi, siku 84, itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, yaani usivuke wiki ya 27.

Kwenye zamu unazobaki nazo, kosa linalowaponza madaktari wengi ni kubana mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kukaa kimya bila dalili, kisha yakaamsha uchungu mapema. Nenda chooni kila baada ya saa tatu, hata foleni iwe ndefu, na omba mkojo wako uoteshwe maabara kuona kama una bakteria. Upasuaji ukichukua zaidi ya saa tatu, mwenzako akupokee: ukisimama bila kusogea damu hujikusanya miguuni, ndipo kizunguzungu kinapokuja. Soksi za kubana zivaliwe kabla hujashuka kitandani. Wodini usiku hakuna chandarua, kwa hiyo dozi za SP, vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito, zisikupite. Na ukizimeza, folik asidi iwe miligramu 0.4, kwa sababu ile ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu.

Tafadhali, usijitibu. Kujipima presha koridoni si kliniki. Ukiona damu, maji, tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, kichwa kikali na macho kuona ukungu, au presha ya 140/90, acha zamu saa hiyo hiyo. Raundi wataimalizia wengine.

SWALI: Napanga zamu za idara. Nikimwondoa mjamzito usiku, wenzake wananung'unika. Nifanyeje?
Mkuu wa idara

JIBU: Usiku wake usimwangushie mtu mmoja, pangua ratiba nzima. Yeye mpe kliniki ya mchana, muhtasari wa wagonjwa wanaoruhusiwa na raundi za Jumamosi asubuhi, ili wenzake nao wapate nafuu. Usimlipishe usiku mapema "kwa sababu baadaye hatakuwepo": miezi hiyo ya mwanzo ndiyo mimba huwa rahisi kutoka. Na kazi nyepesi isiwe chumba cha eksirei wala kuchanganya dawa za saratani.