Kwa wanaoanza kuchunguza vigandamizo vya karatasi vya kioo vya karne ya 19

Anayeingia katika fani hii ya vigandamizo, yaani vitu vizito vya kuzuia karatasi zisipeperuke mezani, kwa kawaida hukimbilia kutambua kiwanda, akitafuta ndani ya kioo herufi B ya Baccarat, SL ya Saint-Louis au C ya Clichy. Ujuzi huo utakuja kadiri utakavyoshika na kutazama vingi. Ushauri wangu ni uanze na meza ya kuandikia, kwa kuwa hapo ndipo vitu hivi vilipopata maana katika jamii.

Vigandamizo viliuzwa katika maduka ya vifaa vya kuandikia, pamoja na vidau vya wino, lakiri (nta ya kufungia barua) na visu vya kufungulia barua. Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, yaani kutuma barua nchini kwa peni moja tu, mwaka 1840, ikafuta ushuru wa kioo mwaka 1845; mwaka huohuo Pietro Bigaglia, fundi wa kioo wa Venice, alionyesha vigandamizo vyake Vienna, na viwanda vya Ufaransa, vilivyokuwa vikihitaji bidhaa mpya ya sokoni, vikaichukua sanaa hiyo na kuwapita Waitalia kwa muda mfupi. Barua zilipoongezeka, meza ya kuandikia ikawa mahali ambapo familia za tabaka la kati zilionyesha elimu na ustaarabu wao. Pambo lenye kazi halikuonekana kuwa anasa tupu, hata kama, kwa maoni yangu, vingi havikuwahi kuzuia karatasi yoyote.

Tazama pia kilichomo ndani. Katika mtindo wa millefiori, vijiti vya kioo cha rangi vilivutwa vikiwa moto, vikakatwa vipande vidogo na kupangwa kimoja kimoja kabla ya kufunikwa kwa kioo angavu. Ua la pansi, ambalo Baccarat ilipenda kulitengeneza, lilihusishwa na kumkumbuka mtu aliye mbali, hivyo lilifaa sana kuwa zawadi. Sanamu nyeupe ya Malkia Victoria au ya Napoléon ilikuwa jambo jingine: ilimwambia mgeni mwenye meza anamtii au kumheshimu nani.

Tahadhari na tarehe. Vigandamizo vingi vya Baccarat vina mwaka 1848, ambao ndio mwaka wa mapinduzi ya Paris, na wanafunzi hushawishika kutafuta siasa humo. Sijaona sababu ya kufanya hivyo. Isitoshe, vipo vya karne ya 20 vilivyotiwa mwaka huohuo, kwa hiyo linganisha kwanza vijiti, rangi na kitako kilivyochakaa.