Siswali tena nyuma ya baba kwa sababu ya kunuti

Shangazi, nina miaka 22. Tangu nianze kuhudhuria darsa fulani nimefahamu kuwa kunuti, ile dua inayosomwa kwa kusimama ndani ya swala ya Alfajiri, ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Baba huileta kila siku, naye ndiye anayetuswalisha nyumbani. Sasa naswali peke yangu chumbani. Mama analia, baba hasemi nami. Je, nimekosea kushika haki?

Mwanangu, kusoma dini ni jambo la heri, na nadhani baba yako alifurahi kuliko wote siku alipokuona umebeba kitabu. Ila umerudi na nusu ya maneno. Kunuti ya Alfajiri ni sunna kwa Imamu Shafii, na Imamu Malik naye anaikubali. Abu Hanifa na Ahmad bin Hanbal, maimamu wenzao wa madhehebu, hawaioni kuwa ya kila siku. Khitilafu hiyo ina zaidi ya miaka elfu moja, nawe unataka kuimaliza chumbani kwako! Hata mwanachuoni Ibn Taymiyya, ambaye bila shaka darsani kwenu anatajwa sana, alisema maamuma, yaani anayeswalishwa, amfuate imamu wake anayeleta kunuti.

Khalifa Uthman alipoacha kupunguza swala kule Mina wakati wa hija, akaswali rakaa nne, sahaba Ibn Masud hakuafiki, kwani Mtume (s.a.w.), Abu Bakr na Umar waliswali mbili pale. Alilisema wazi. Kisha akaswali nne pamoja naye. Alipoulizwa mbona anapinga halafu anafuata, akajibu kuwa khitilafu ni shari. Na lake lilikuwa la idadi ya rakaa, mwanangu. Lako ni la dua.

Kwa hiyo kesho Alfajiri toka chumbani. Baba akiinua mikono, inua nawe. Moyo ukisita, simama kimya mpaka amalize, usimtangulie kusujudu. Baada ya swala umuombe radhi. Hadithi zako ziache kwanza, ya fikihi mtazungumza akikuuliza. Mama atatulia akiwaona mko safu moja.

Darsa usiiache. Ila muulize ustadhi mbele ya wenzako: swala ya anayeswali nyuma ya mwenye kuleta kunuti inabatilika? Akisema inasihi, basi huko chumbani ulijipeleka mwenyewe. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta darsa nyingine.